Mbwa Aliyeitwa wa Klementi

Kaka yangu Yassini Likwata ni mtu msafi mpaka anaudhi. Ukimpa chai atakigeuza kikombe akitazame chini kabla hujamimina. Ukimtandikia mkeka ataukung'uta upya mbele yako wewe uliyetoka kuukung'uta. Ni mwadhini wa msikiti wetu hapa Tingi tangu ujana wake, na mikorosho aliyoachiwa na marehemu baba ndiyo inayomweka mjini, kama wasemavyo vijana, ingawa mjini kwenyewe hajakaa hata mwezi. Mimi ni mdogo wake, naitwa Moza. Nauza chapati na maharage stendi ya Nangurukuru, pale mabasi ya Lindi na Mtwara yanaposimama, na kazi hiyo imenifundisha kutomwamini mtu. Ukiniambia hakuna kitu, najua kitu kipo.

Kitu ambacho Yassini hakukivumilia kabisa ni mbwa. Mbwa akikatiza uwanja wa msikiti, kaka alikuwa anatoka na ndoo na fagio utadhani kumepita maiti. Jirani yake wa shamba kule bondeni ni Klementi, Mmatumbi, Mkatoliki aliyeshuka kutoka milimani zamani, na Klementi ana mbwa wawili. Kila mwaka watu wa mifugo wanapoleta chanjo ya kichaa cha mbwa pale kiwanja cha shule, yeye huwaleta mbwa wake kwa kamba, nasi tukisimama pembeni tunamcheka. Hivyo ikawa mazoea: mbwa yeyote akionekana upande wa bondeni ni wa Klementi. Sisi Waislamu wa Tingi hatufugi mbwa. Ndivyo tulivyokuwa tunasema.

Mwaka juzi nguruwe pori walituvamia. Unakwenda shamba asubuhi unakuta mashina ya muhogo yamelala na mizizi yote imetafunwa. Tulipiga madebe, tuliwasha moto, tulitundika makopo yagongane na upepo. Wapi! Shamba langu liliisha, la jirani yetu Warda likaisha, na yeye alikuwa na ujauzito mkubwa. La Yassini, lililo katikati yetu, lilisimama zima kama halionekani.

"Kaka, wewe unawafanyaje?" nilimuuliza.

"Mungu tu."

"Mbona Mungu huyo huyo kwangu halindi?"

"Moza, usikufuru," akasema, na akaondoka haraka kuliko mtu aliyekasirika kweli.

Watu wakaanza kunong'ona. Wapo waliosema ana ndumba, wapo waliosema amefuga jini. Mimi sikuamini la jini, maana jini gani angekubali kulala dunguni, kile kibanda cha kulindia shamba, na mbu wale wa bondeni? Lakini niliamini kwamba kaka ana lake jambo.

Kisha wifi yangu Fauzia akanijia stendi, kashuka kwenye bodaboda macho yamemvimba. Nilimvuta nyuma ya jiko.

"Wifi, kaka yako ana mwanamke," akasema. "Yuko kule kule shamba."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini kila siku anabeba chakula kwenye bakuli, ukoko, makombo ya samaki, kila kilichobaki. Bakuli halirudi. Akirudi yeye ameshaoga. Mwanamume gani anaoga shamba halafu anarudi nyumbani akaoga tena? Na nguo zake anafua mwenyewe. Miaka yote hii ya ndoa hajawahi kufua hata kitambaa cha jasho!"

Nikakumbuka jambo. Nilikuwa nimemwona Yassini kwa macho yangu akitoka bucha iliyo nyuma ya banda langu na mfuko mweusi, na muuza nyama aliniambia anachukua mapupu kila wiki. Kwa Fauzia mapupu hayo hayakuwahi kufika. Nikamwambia, kisha nikamuuliza: "Sasa mwanamke gani huyo anayehongwa mapupu?"

"Maskini mwenzangu," akasema Fauzia, akaanza kulia upya.

Tukakubaliana tumchunguze. Sioni haya kusema. Yeye kule Tingi, mimi huku stendi, mchana nikifunga biashara napita kwao kuchukua habari. Hatukupata kitu mpaka siku Yassini aliporudi na mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Alisema kisiki cha mkorosho kimemchoma. Fauzia alitaka kuufungua amwoshe, akamkatalia. Akitia udhu alikuwa anapangusa juu ya kitambaa. Kwa mtu anayekagua vikombe kwa chini, kukaa na kitambaa kile kile chenye damu ni jambo la kutia shaka, na mimi lilinitia.

Siku chache baadaye nikiwa kwao, Warda akaingia uani akichechemea, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa ametoka kuokota kuni njia ya bondeni. Mbwa mwekundu ametokea kichakani, hakubweka, kamuuma shavu la mguu na kuendelea na safari yake. Alama za meno zilikuwa wazi. Fauzia akasema lazima aende hospitali.

"Huyo ni mbwa wa Klementi," alisema Yassini kutoka barazani. "Mbwa wa Klementi wamechanjwa. Paka dawa ya kidonda, kitapona."

Warda akashusha pumzi. Aliyesema ni mwadhini, nani angebisha? Akarudi kwake amefurahi kwamba ameepuka safari. Mimi nilibaki namtazama kaka. Hakuutazama mguu wa Warda hata mara moja. Hakuuliza kaumwa wapi wala saa ngapi. Mtu asiyeuliza chochote ama hajali ama anajua tayari, na kaka yangu si mtu asiyejali.

Kesho yake nilipita tena. Fauzia alinishika mkono akanipeleka nyuma ya bafu. Palikuwa na beseni lenye maji mekundu ya tope, na shati la kazi la Yassini likining'inia juu ya kamba linachuruzika.

"Ndilo alilolivaa siku aliyoumia," akanong'ona. "Alikuwa amelificha uvunguni. Leo kalitoa. Analifua kwa udongo, wifi. Kwa udongo! Kisha analisuuza, anarudia, anasuuza, anarudia. Anatoa manukato ya huyo hawara."

Nikachuchumaa palepale kando ya beseni. Mimi na Yassini tulisoma chuo kimoja cha Kurani, kwa mwalimu mmoja mwenye bakora ndefu, na jambo hilo tulilikariri pamoja. Nguo au chombo kilichopatwa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo.

"Fauzia," nikasema, "hakuna manukato ya mwanamke yanayotolewa kwa udongo. Kaka amefuga mbwa."

Alinitazama kama nimepandwa na kichaa mimi. Kisha akacheka, akacheka mpaka kanga ikamdondoka, nami nikacheka naye. Wivu wote ule, kumbe mke mwenza ana mkia! Mwadhini mwenye ndoo na fagio, anamnunulia mbwa mapupu!

Kicheko kilinikatikia nilipoukumbuka mkono. Kisha nikaukumbuka mguu wa Warda.

Nikiwa msichana nilimwona mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Jeraha lake lilipona vizuri, akasahau. Siku moja akaletewa maji ya kunywa akayapigia mayowe. Alikuwa na kiu na hawezi kumeza, na maji yakimwagwa tu karibu yake koo linamkaba. Ugonjwa ule ukishafika hapo hakuna daktari wala mganga anayeurudisha nyuma. Unazuiwa kabla, kwa kuosha jeraha na kwa sindano, au hauzuiwi. Nilimwambia Fauzia yote hayo tukiwa tunatembea, maana miguu ilishaanza kuelekea bondeni yenyewe.

Chini ya dungu tulikuta sufuria kuukuu yenye ukoko umekaukia, na kamba ya katani iliyotafunwa ikakatika. Mbwa hakuwepo. Klementi alituona toka upande wake, akaja na jembe begani.

"Shemeji, dada Moza. Mnamtafuta Kamanda?"

"Ndilo jina lake?" akauliza Fauzia.

"Ndilo alilompa mwenyewe. Nimemzika. Alikuja kwangu mchana kweupe, mdomo wazi, udenda unamtiririka, anauma mashina ya mikorosho. Wangu niliwafungia ndani. Nikampigia bwana mifugo, tukammaliza, akachukua kichwa kikapimwe." Akatutazama kwa zamu. "Yassini hakuwaambia? Nilimfuata nikamwambia, mkono huo upeleke hospitali leo hii. Akaniambia ameshakwenda."

"Hajakwenda popote," Fauzia akasema.

Nikamuuliza Klementi kwa nini mbwa hakuchanjwa, ilhali wake wanachanjwa kila mwaka. Nilimuuliza kwa ukali, maana nilishaanza kumshuku na yeye.

"Nilimsihi," akajibu. "Lakini Kamanda hakushikika na mtu mwingine, alikuwa anamjua Yassini tu. Ingebidi Yassini amshike kamba mwenyewe, asimame kwenye foleni pale shuleni watu wote wanamwona. Akasema hilo haliwezekani. Akaniomba nikubali tu aitwe wangu. Nikakubali, ni jirani yangu."

Nilipomweleza kwamba Warda ameumwa, na kwamba Yassini amemwambia mbwa ni wa Klementi na amechanjwa, Klementi aliliteremsha jembe taratibu.

"Nilikubali aitwe wangu," akasema. "Sikukubali aume watu kwa jina langu."

Njiani tukirudi Fauzia alisema mara moja tu: "Bora angekuwa mwanamke."

Yassini tulimkuta barazani anajiandaa kwenda msikitini.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona mmesimama kipolisi?"

"Fungua mkono."

"Ni kisiki, nimeshasema."

"Tumetoka kwa Klementi," akasema mkewe.

Yassini akafungua kitambaa mwenyewe, polepole. Meno yalikuwa yameingia pande zote mbili za kiganja, na nyama ilikuwa imevimba. Nilikuwa nimeapa sitamkaripia kaka yangu mkubwa. Kiapo hakikufika mbali.

"Shati umeliosha mara saba," nikamwambia. "Na mkono, uliuosha?"

"Niliufunga."

"Hukuuosha hata kwa sabuni?"

"Ningeuoshea wapi watu wasiuone?"

Hasira iliyonipanda sijui niielezeje. Nilimburuta mpaka kwenye pipa, Fauzia akimwaga maji na mimi nikisugua kwa sabuni ya mche, maji mengi, muda mrefu, hajafungua mdomo kulalamika. Kuosha kule kulipaswa kufanyika siku ile ile, pale pale, na kila mmoja wetu alilijua hilo. Alipokwisha kujikausha akasema atakwenda hospitali, kimya kimya. Na Warda? Mimi na Fauzia tukamwambie aende, akasema, ila tusimwambie kwa nini.

Tulimkuta Warda anatwanga kisamvu. Alitusikiliza huku mchi unapanda na kushuka.

"Jeraha limekauka, Bi Moza. Nina kichanga, niende kusimama foleni ya nini? Mwadhini mwenyewe kasema mbwa kachanjwa." Mchi ukasimama. "Au mna ugomvi na Klementi mnataka kunitumia?"

Hapo nikalitoa lote. Nikamwambia mbwa ni wa Yassini, hakuwahi kuchanjwa, amekufa na dalili za kichaa. Fauzia akaitikia kila neno. Unajua Warda alifanya nini? Alicheka.

"Mzee Likwata afuge mbwa? Bi Moza, wewe nani hujamshuku? Juzi ulisema muuza maji anatia chumvi kwenye madumu. Ulisema Imamu anapaka rangi ndevu. Na wewe Fauzia, wiki iliyopita ulikuwa unalia una mke mwenza." Akarudi kwenye kinu chake. "Mzee akiniambia mwenyewe nitakwenda."

Kweli nilisema yote hayo. Kwa mara ya kwanza nina ukweli mkononi, na hakuna anayeutaka kutoka kwangu.

Yassini tulimkuta kwenye uwanja wa msikiti, kabla ya alasiri. Nikamweleza. Akasema sawa, baada ya sala atamwita Warda kando amwambie polepole.

"Kando?" Fauzia alisema. Sijawahi kumsikia akimpandishia mumewe sauti nje ya nyumba. "Yule mbwa alikata kamba, baba watoto, akazurura mpaka alipofika kwa Klementi. Unajua kapita wapi? Unajua kauma wangapi? Kila atakayeuliza ataambiwa ni wa Klementi, kachanjwa, paka dawa. Wewe ndiye uliyewafundisha kusema hivyo."

Kaka alitutazama, akautazama mlango wa msikiti, akaingia. Tukasikia kipaza sauti kikikwaruza. Saa ya adhana ilikuwa bado, na kipaza sauti kikilia nje ya saa zake Tingi huwa ni msiba. Watu wakatoka majumbani wajue nani amekufa.

"Assalaam alaykum. Hili si tangazo la msiba. Ni mimi Yassini Likwata. Mbwa mwekundu wa bondeni hakuwa wa Klementi. Alikuwa wangu. Nilimfuga mimi, na sikumchanja. Amekufa na dalili za kichaa. Ameniuma mimi, amemuuma Warda. Yeyote aliyeumwa naye, au aliyeparuzwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji mengi sana, kisha aje hapa msikitini sasa hivi, twende hospitali. Asingoje."

Alisahau kuzima. Kijiji kizima kilisimama kikimsikiliza kaka yangu anavyohema.

Wa kwanza kufika alikuwa Imamu. Nilidhani atamfukuza. "Mbwa wa kulinda shamba dini haikumkataza," akamwambia kwa sauti ya chini. "Ungeniuliza tu, Yassini." Kaka akajibu kwamba aliona haya kuuliza. Nyuma ya Imamu wakaja watu wengine wawili, mmoja kaparuzwa goti, mwingine kaumwa kidole, na wote walikuwa wameambiwa vilevile na majirani zao. Mwisho akaja Warda, mtoto mgongoni. Hakumsalimia mtu. Aliingia kwenye bajaji iliyokuja kutuchukua, akakaa.

Nitakwambia mapema usikae roho juu. Majibu ya kile kichwa yalikuja baadaye, na mbwa alikuwa na kichaa kweli. Muuguzi hakuwa ameyangoja. Aliosha majeraha upya, akawachoma sindano za siku ile, akawapangia siku za kurudi. Wote wamemaliza, wote wapo hai. Mwaka huu siku ya chanjo nilifunga biashara mapema nikaenda kiwanja cha shule, maana siamini cha kuambiwa. Yassini alikuwa kwenye foleni nyuma ya Klementi, kashika kamba ya mbwa mpya, jasho linamtoka. Na nyuma yake niliwaona watu ninaosali nao, kila mmoja na mbwa ambaye sijawahi kusikia habari zake.

Lakini ukinitajia habari ya kaka yangu, mimi huwa narudi kwenye lile benchi la hospitali. Tulikuwa tumekaa watatu, Warda, Yassini aliyekwisha kuchomwa na kufungwa bendeji mpya, na mimi. Warda akamgeukia Yassini.

"Siku ile uliponiambia kachanjwa, mzee, ulikuwa umeshaumwa?"

Kaka angeweza kusema alikuwa hajajua kama mbwa ana kichaa. Nilimwona akilitafuta jibu hilo, na nilimwona akiliacha.

"Nilikuwa nimeshaumwa," akasema.

Muuguzi akaita jina la Warda. Ilibidi mtu ampokee mtoto, na Yassini ndiye aliyekuwa karibu zaidi, akanyoosha mikono yote miwili. Warda akaitazama, akampita, akanipa mimi. Mlango ukafungwa nyuma yake, na kaka alikuwa bado hajaishusha mikono yake.